Shata za Ghorofa ya Nne

Jumatatu, 6 Oktoba

"London haina vimbunga. Anayetaka shata za dhoruba kwenye nyumba ya wazee hapa Tottenham anasafirisha hofu ya visiwani na kuileta mahali isipohitajika." Hayo kayaandika Ian, mwenyekiti wa bodi ya Nyumba ya Utulivu, kujibu ombi langu la vifuniko hivyo vya madirisha, katika barua niliyoikuta leo mlangoni.

Haya, tuyapime. Februari iliyopita upepo ulivuka uwanja wa mpira ulio wazi upande wa magharibi, ukakipiga kioo cha chumba cha Mzee Vuai ghorofa ya nne, na kioo kizima kikalala juu ya kitanda chake. Mwenyewe alikuwa bafuni akitia udhu kwa sala ya alasiri. Mpaka leo ukimuuliza anasema, "Wenzangu udhu unawatakasa, mimi umenificha." Bodi ilitia kioo kingine cha aina ileile. Siku hiyo Ian hakuandika barua. Upepo uliovunja kioo uliitwa dhoruba, haukuitwa kimbunga, na kwa Ian jina hilo linatosha kuwa kinga.

Na hiyo hofu ya visiwani ni ya nani? Wazee sita wa ghorofa ile wametoka Unguja, Pemba na Mombasa, lakini wameishi mji huu miaka arobaini, hamsini. Wameosha wagonjwa wake na kufagia vituo vyake vya treni. Mmoja wao ni shangazi yangu, Bi Ummukulthum, aliyenilea tangu nina miaka saba. Ana miaka themanini na mitatu, na kitanda chake kiko hatua mbili kutoka dirishani. Hofu ni yangu mimi Haifa, na nimeipata hapahapa.

Kesho namjibu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimemjibu. Kurasa nne. Nakala kwa bodi nzima na kwa jarida letu la jumuiya.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bodi imekubali. Vyumba sita vya ghorofa ya nne vitawekewa shata: vifuniko vya chuma vinavyoshushwa mbele ya kioo upepo ukianza. Mtu aliyekataa kwa nguvu wiki jana akakubali kwa tabasamu wiki hii, mtazame mikono yake. Ian kasema tena kwa upole, "Bi Haifa ndiye aliyetufumbua macho, basi yeye achague, atie saini." Sikuupenda upole ule.

Nitachagua pamoja na Fanuel, meneja wa nyumba. Ni muuguzi kutoka Kakamega, mtu mkimya. Katika kikao kilichochukua saa mbili alisema maneno kumi na mbili. Nimeishi kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba mtu mkimya ama hana neno, ama neno lake kalipeleka kwengine.

Alhamisi, 23 Oktoba

Muuzaji wa kampuni kubwa kaja na filamu na shata ya mfano. Mbao nene kama paja langu inarushwa kwa mzinga, inagonga shata, inaanguka chini. Shata ina mkunjo tu, kama shuka iliyolaliwa. Nikaitaka papo hapo. Inashuka na kupanda kwa mota. Unabonyeza kitufe ukutani. Nimekibonyeza mara tano.

Fanuel akauliza, "Na stima ikipotea?"

"Kuna mkono wa kuzungushia, huu hapa juu," muuzaji akasema.

"Mizunguko mingapi mpaka ifunguke?"

"Thelathini na kidogo."

Fanuel akaandika kwenye kidaftari chake. Muuzaji akanitazama, mimi nikamtazama Fanuel. Kwa nini aandike idadi ya mizunguko? Mtu anayetafuta sababu ya kukataa huanza na swali dogo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna jengine.

Jumatano, 29 Oktoba

Nimefika bila ya kutoa taarifa. Mlango wa ofisi ya Fanuel ulikuwa umefungwa, na ndani kulikuwa na sauti mbili. Nilipogonga zikakatika. Ndani nilimkuta Hemant, fundi wa madirisha na shata kutoka Kenton. Ameomba kazi hiihii, kwa shata zake za kufungua kwa mkono. Mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu kuliko changu.

"Karibu dada Haifa! Tulikuwa tunapiga soga tu," akasema.

Soga gani inayofungiwa mlango? Na juu ya meza kulikuwa na karatasi. Nimeiona kabla Fanuel hajaigeuza: majina ya wazee sita, na mbele ya kila jina tarakimu. Mbele ya jina la shangazi yangu palikuwa na nne.

"Hiyo nini?"

"Ni ya hawa wazee, madam," Fanuel akasema. "Mambo yao."

"Shangazi yangu ni mambo yangu."

"Najua," akasema. "Lakini hii, hapana."

Nilipotoka waliendelea kuzungumza, kwa sauti ya chini zaidi. Sina ushahidi bado. Naandika tu niliyoyaona.

Jumapili, 2 Novemba

Nimewakusanya wazee sita sebuleni baada ya chai. Sitaki mtu aje kusema waliamuliwa. Nikawaonyesha filamu ya ile mbao, nikawaeleza kila kitu, halafu nikauliza, "Wazee wangu, shata hizi ndizo imara kuliko zote. Mmeridhia?"

Shangazi ndiye aliyejibu kwanza. "Inshallah, mwanangu."

"Nyie ndio mliosoma," akasema Mzee Vuai. "Mkiona zinafaa, sisi tuna neno gani?"

"Kheri, kheri," wengine wakaitikia.

"Inshallah," akarudia shangazi, kisha akauliza nani bado anataka chai, na mazungumzo yakahamia kwenye kisamvu, kwamba kisamvu kizuri hakipatikani tena sokoni.

Ukumbini Fanuel akanizuia. "Madam Haifa, hao wamekataa."

"Wamekataa wapi? Umesikia hapana?"

"Sijasikia ndiyo pia."

"Fanuel, we mtu wa Kakamega. Utanifundisha mie maneno ya watu wa pwani?"

"Mimi ndiye huwapelekea dawa. Mzee Vuai akiniambia 'ukiona inafaa', hiyo dawa huwa naikuta nyuma ya redio."

Nikacheka, nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Hila yake naiona: akishindwa kuipinga shata, anaipinga ridhaa. Nimeandika: sita kati ya sita wameridhia. Nimetia saini. Fomu zimepelekwa kwa watoto wao nao watie zao.

Jumanne, 11 Novemba

Shata ya kwanza imefungwa leo kwa majaribio, chumba cha kumi na nne, cha shangazi. Vyumba vitano vilivyobaki vitafuata Desemba. Nimeshusha, nimepandisha, nimeshusha. Mvumo wa magari umetoweka kabisa.

"Mashaallah," kasema shangazi. "Kazi nzuri."

Fanuel alisimama mlangoni. Hakuingia.

Alhamisi, 13 Novemba

Shangazi amehamisha kiti chake kutoka dirishani, kakiweka karibu na mlango. Nimemuuliza. Kasema magoti yanapenda joto la ukumbini.

Jumamosi, 15 Novemba

Mzee Vuai kamtania mbele yangu: "Bi Ummukulthum, siku hizi kila jioni umefunga duka. Wateja tuje lini?" Shangazi hakucheka. Yeye ambaye humjibu mzee huyo kwa neno kali kuliko lake.

Nashuku Fanuel anawatia maneno.

Jumanne, 18 Novemba

Tahadhari ya dhoruba kwa keshokutwa. Nimempigia simu shangazi kumkumbusha shata. "Fanuel keshanishushia, mwanangu. Kasema mwenye amri ni wewe."

Alhamisi, 20 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, maana kesho watu wataanza kuupanga upya.

Saa nane mchana nilikuwa Neasden, nikimkalimania mgonjwa kliniki. Upepo ulikuwa umeshaanza kuvuta mabati. Saa nane na robo akanipigia Jennifer, mhudumu wa ghorofa ya nne: "Dada, stima imeenda, na kuna harufu ya moshi huku juu." Simu ikakatika.

Njiani mti ulikuwa umelala barabarani, basi likasimama. Nikashuka nikakimbia, nikapata basi jengine, nikashuka tena. Nilipofika ilikuwa inakaribia saa tisa na nusu na bado palikuwa na mwanga. Gari mbili za zimamoto ndio kwanza zimefika, nazo zilizuiwa na miti. Maji ya mvua yalikuwa yameingia chumba cha mota ya lifti chini ya paa, waya zikaungua, na moshi ukajaa ukumbi wa ghorofa ya nne.

Wazee wote wamefundishwa la kufanya: funga mlango, ziba chini yake kwa taulo, simama dirishani uonekane. Nikainua kichwa. Mzee Vuai alikuwa dirishani akipunga kilemba chake cheupe. Na wengine wanne, kila mmoja kwenye kioo chake, vioo vyote vizima. Mwanamke wa zimamoto alikuwa akiwanyooshea kidole na kuwahesabu kwenye redio yake. Mmoja, wawili, watatu. Alipofika chumba cha kumi na nne kidole kikapita. Palikuwa na kibati cha kijivu, kimefungwa vizuri, imara kabisa. Ungeapa kuwa ni ghala.

Nikapiga kelele. "Yumo mtu! Yumo mtu mle ndani!" Kwa Kiswahili. Dakika nzima nilikuwa namwambia yule mwanamke kwa Kiswahili, mie ninayekula kwa kukalimani.

Lakini Fanuel alikuwa ameshapanda. Jennifer kanieleza baadaye: Fanuel alipoanza kuhesabu wazee kichwani, alianzia kumi na nne. Alipanda ngazi kitambaa kibichi puani, watu wa zimamoto wakimfokea, kisha wakamfuata. Walimkuta shangazi amesimama gizani, amepanda kigoda, mikono miwili juu kwenye ule mkono wa kuzungushia. Alikuwa ameuzungusha mara sita. Chini ya shata palikuwa pamefunguka upana wa vidole viwili. Ngozi ya viganja vyote viwili ilikuwa imechunika.

Walimteremsha kwenye kiti cha kubebea, barakoa ya hewa usoni. Aliponiona akaisogeza.

"Mbona umetoka bila ya koti?"

Koti nililiacha basi la kwanza.

Ijumaa, 21 Novemba

Hospitali. Kifua chake kinakoroma lakini daktari kasema atatoka baada ya siku mbili. Viganja vimefungwa bandeji, kwa hiyo nimemlisha uji.

"Shangazi, kwa nini hukuniambia huitaki?"

"Nilikwambia."

"Ulisema inshallah."

"Mara mbili. Na chai nikamimina." Akafunga macho. "Haifa, we nimekulea mwenyewe. Ulipokuwa mdogo nikisema inshallah ulikuwa ukilia papo hapo, ukijua ndo hupati. Siku hizi umekuwa mgeni wa wapi?"

Nikampangusa uji kidevuni.

"Ulikuja na filamu yako, umefurahi. Ulitaka nikuvunje uso mbele za watu? Mtu mzima hasemi hapana sebuleni. Husema kwa anayemfuata chumbani baadaye kumuuliza. Nilikungoja chumbani. Hukuja."

Nilikuwa na fomu za kupeleka posta.

Jumapili, 23 Novemba

Nimekwenda kwa Fanuel. Sikwenda kuomba radhi, nilikwenda kuuliza, na nilipopata jibu ndipo nikaomba.

Ile karatasi ya Oktoba kanionyesha, baada ya kumpigia shangazi na kupata ruhusa. Hemant alikuwa amemkopesha mkono wa shata kama ule wa muuzaji, umefungwa kwenye ubao. Waliwapitia wazee mmoja mmoja, mlango umefungwa, na kila mmoja akazungusha mpaka aliposhindwa. Tarakimu ni mizunguko. Mzee Vuai tisa. Mwengine mbili. Shangazi nne. Ilihitajika thelathini na kidogo. Siku ya moshi alifika sita. Hizo mbili za ziada ndizo zilizomchuna ngozi.

"Mbona ulinificha?"

"Waliniapisha, madam. Hawakutaka watoto wao wajue mikono imeisha nguvu. Wengine huwa wanajifungia vifungo vya nguo nusu saa, mtoto akija wako tayari. Ningekwambia, ungeandika kwa jarida."

Ningeandika. Na si hilo tu: mtu huyu nimemshuku mwezi mzima kwa sababu ni mkimya na ni wa bara. Nimemwambia hivyo uso kwa uso.

"Lakini nawe ungepigana," nikamwambia. "Ungeniambia wazi kuwa hawawezi."

"Ni kweli," akasema. "Hiyo ni yangu. Nilijua, na bado nikaishusha."

Jumatano, 26 Novemba

Hemant kaleta mfano wa shata zake, kausimamisha sebuleni. Yeye naye sikumwamini. Nimeacha kushuku watu wakimya, sijaacha kushuku wauzaji. Ni milango miwili ya alumini, kila mmoja na vibao vyembamba vinavyoinama, unaona nje na nje wanakuona. Komeo ni wenzo mrefu, uko usawa wa kiuno.

"Mbao ile ya mzinga hii itaizuia?"

"Itaizuia ya mwendo mdogo, dada. Ile ya haraka kama ya filamu, sikudanganyi, itaingia kidogo."

"Kwa hiyo ni dhaifu."

"Dada, uwanja ule watarusha mpira. Mbao nani atarusha?"

Nikawatoa yeye na Fanuel ukumbini, nikamwita Mzee Vuai. Akautazama wenzo, akausukuma kwa kiwiko, mikono iko mfukoni. Milango ikafunguka yote miwili.

"Hee!" akasema. "Hata mwizi atafurahi."

"Kwa nje haifunguki, baba," Hemant akajibu kutoka ukumbini.

"Basi mwizi nimsikitikie."

Halafu nikamfuata chumbani mwake, tukiwa wawili tu, nikamuuliza kwa sauti ya chini: "Mzee wangu, unaitaka hii?"

"Hii naitaka," akasema. "Ile ya kwako nilikuwa nataka kuitia nyuma ya redio, ila haikuenea."

Jumatatu, 1 Desemba

Sasa naelewa kwa nini bodi ilikubali kwa tabasamu.

Nimepokea barua ya Ian. Anasikitikia "usumbufu" wa tarehe ishirini. Anasema chanzo ni maji na lifti, jambo ambalo ni kweli, na kwamba shata "ilifanya kazi iliyonunuliwa kufanya", jambo ambalo, Mungu anisamehe, pia ni kweli. Vyumba vitano vilivyobaki vitafungwa shata zilezile Jumatatu ijayo, tarehe nane. Kwa nini? Kwa sababu wakazi wote sita waliridhia. Ameambatisha ushahidi: karatasi yangu. Mwandiko wangu, sita kati ya sita, saini yangu chini, na lawama ni yangu. Nyuma yake fomu tano za watoto.

Nimemwandikia kuifuta saini. Kanijibu ndani ya saa moja: saini ya mtu mmoja haiwezi kutengua ridhaa ya familia tano; familia zikipinga kwa maandishi kabla ya saa sita mchana Jumamosi, bodi italazimika kusimamisha kazi. Anajua watu wetu. Anajua hakuna mtoto atakayeandika barua kusema mama yangu hawezi kufungua dirisha.

Jumatano, 3 Desemba

Wazee wote watano nimewafuata vyumbani, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Nimekaa mpaka chai ya pili. Hakuna hata mmoja anayeitaka shata ya mota. Wamenipa ruhusa kulisema hilo na kuzitaja tarakimu zao, bila ya majina, ila Mzee Vuai, ambaye kasema lake liandikwe kwa wino mwekundu, na shangazi, ambaye keshaniruhusu lake. Kurasa hizi nazipeleka kwenye jarida kama zilivyo, pamoja na upumbavu wangu uliomo, na hili la mwisho ni lenu.

Nyinyi watoto watano mliotia saini fomu nilizowapelekea: nilikuleteeni uongo. Sikuutunga, niliukubali kwa kuwa ulinipendeza, nanyi mkausaini kwa kuwa ulikuwa mwepesi. Sote tumelelewa katika nyumba ambamo mzee hakatai mbele za watu, na sote tulijua.

Njooni Nyumba ya Utulivu Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Msitume ujumbe wa simu. Msimtume mke wala dereva. Usimuulize mama yako kama ameridhika. Atakwambia inshallah na utarudi nyumbani na moyo mweupe. Mkono wa kuzungushia umefungwa kwenye ubao, uko kwa Fanuel. Mwombe mzazi wako ruhusa, funga mlango, mkabidhi, na ukae kimya uhesabu naye. Asipofika thelathini, chukua karatasi, andika kwa mkono wako kwamba unaiondoa ridhaa yako, andika jina lako lote, na ukaiweke mkononi mwa Ian kabla ya saa sita.